Volyumu moja, namba mbili za LUN

SWALI: Nimeandika skripti ya kuzigawia seva zetu za Linux volyumu (vipande vya hifadhi) kupitia API ya mtambo wa hifadhi, yaani mlango wa programu kuutumia mtambo kwa maombi. Jibu likichelewa, skripti hutuma ombi tena. Sasa volyumu moja imegawiwa seva ile ile mara mbili, LUN 4 na LUN 7 (LUN ni namba ambayo seva huiona volyumu kwayo). Na juzi nilipofuta mgao wa volyumu nyingine, seva iliganda, hata `df`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, haikujibu. Je, mtambo ni mbovu?

JIBU: Mtambo hauna kosa, ndugu. Ukimya wa API si kukataliwa. Mitambo mingi hurudisha namba ya jibu ya HTTP 202, yaani "nimepokea", pamoja na kitambulisho cha kazi cha kuulizia baadaye. Kazi yenyewe bado inaendelea. Ulipotuma tena bila kutaja namba ya LUN, ukapewa nyingine iliyokuwa wazi.

Skripti ianze kwa GET, ombi la kusoma tu: je, volyumu hii tayari ina mgao kwa seva hii? Kama upo, iishie hapo. Kama haupo, itume POST, ombi la kuunda mgao, ikitaja namba ya LUN yenyewe, ili ombi la pili ligongane na la kwanza. Mgongano huo kwa kawaida huja kama jibu 409. Usiuchukulie kuwa kosa moja kwa moja: soma mgao uliopo, na ukiwa ndio ule ulioutaka, kazi imekwisha. Angalia pia usije ukaigawia volyumu seva peke yake na papo hapo kundi ambalo seva hiyo imo. Nimeona marudio mengi yakitokea huko kuliko kwenye skripti.

LUN 7 unaweza kuiondoa bila kusimamisha huduma, mradi njia za LUN 4, yaani miunganisho kati ya seva na mtambo, ni nzima. Zote mbili zina WWID (kitambulisho cha kipekee cha diski) moja, kwa hiyo `multipath -ll`, amri ya Linux ya kuorodhesha njia za kila diski, itazionyesha kama njia za diski moja. Namba ya mwisho katika anwani ya njia kama 3:0:1:7 ndiyo LUN, na sdX ni jina la njia hiyo kwenye seva. Futa kila njia ya 7 kwa `echo 1 > /sys/block/sdX/device/delete`, kisha ndipo utume DELETE, ombi la API la kufuta, ya mgao huo.

Kuganda kule ni habari nyingine: ulikata tawi seva ikiwa bado imelikalia. Mpangilio wa `queue_if_no_path` huiambia seva isubiri njia irudi, nayo husubiri bila kikomo. Ukikwama tena, `dmsetup message jina_la_diski 0 fail_if_no_path` huifanya irudishe kosa badala ya kungoja, ila data ambayo haijaandikwa itapotea. Volyumu inapoondoka kabisa, seva itangulie: `umount`, `vgchange -an` kama kuna LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski), `multipath -f`, futa njia zote. API huja mwisho, na skripti ikatae kutuma DELETE kama hatua mojawapo ya hizo imeshindwa.