Ndiyo, serikali inikataze

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii, kakasirika. Nilikuwa nimesema serikali ipige marufuku simu kwa aliyeshika usukani, naye akanijia juu: "Gari langu, simu yangu, serikali inahusikaje?"

Ndugu yangu, hata mimi niliimba wimbo huo miaka mingi. Nilijiona fundi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu. Mpaka jioni moja ukaingia ujumbe: "Upo?" Neno moja tu. Nikaanza kujibu. Nilipoinua macho, gari la mbele lilikuwa limesimama, taa zake nyekundu zimejaa kioo chote. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nikaligonga.

Hakufa mtu. Lakini kiti cha nyuma cha gari lile alikuwamo mtoto. Alishuka analia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mama yake hakunitukana. Alinitazama, akaitazama simu iliyoangukia karibu na pedali, bado inawaka. Kwenye skrini: "Nip". Afadhali angenitukana.

Baadaye nilipiga hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za kuandika, mita 50 nimezipita kipofu.

Utaniambia utatumia spika. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha yumo hatarini kupata ajali takriban mara nne zaidi, na kutoishika mkononi hakumpunguzii sana. Mikono iko huru, akili imeshashuka garini.

Ushauri wangu? Izime. Itupe kwenye buti. Iwe mbali, nasema tena, mbali na mkono! Ila nisijifanye mtakatifu: kabla ya ajali ile nilikuwa nimeapa mara mbili kuacha, na mara zote mbili nikarudia. Ndiyo maana naitaka sheria, tena yenye meno. Uingereza ilikataza kushika simu ukiendesha tangu 2003, lakini watu waliendelea; 2017 ikapandisha adhabu hadi pauni 200 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na dereva ambaye leseni yake haijafikisha miaka miwili, pointi hizo zinatosha kumnyang'anya. Hapo hata mbishi husikia.

Nawe uliyeniandikia, nimeusoma ujumbe wako hadi mwisho. Unaishia hivi: "Ngoja, taa imewaka kijani."