Upanga wa afisa wa wapanda farasi: usiusugue

Ndugu, umeuliza kama upanga wako wa afisa wa wapanda farasi wa Uingereza, wa muundo wa 1912, usuguliwe kwa msasa hadi ung'ae kabla ya kuuuza. Ushauri wangu ni kwamba usiuguse kwa msasa hata kidogo, kwa sababu nakshi za ubapani, pamoja na herufi za Mfalme George wa Tano, ni za juujuu mno, na zikishafutika thamani yake huporomoka. Kutu nyekundu ipakwe mafuta mepesi ya mashine, iachwe ilainike, kisha ifutwe taratibu kwa kitambaa. Madoa meusi yaliyotulia yaache, maana wakusanyaji huyapenda kuliko mng'ao wa jana.

Kagua mpini kwa makini: ngozi ya samaki inayoufunika ikikauka hupasuka kwenye kingo, na waya wa fedha unaouzunguka ukilegea usiukaze kwa gundi. Ala ya ngozi huvuta unyevu, hivyo hifadhi upanga nje yake. Ukiwa umetengenezwa na Wilkinson, kampuni ya Uingereza ya kutengeneza panga, tafuta namba kwenye mgongo wa upanga karibu na mpini, kwani husaidia kujua mwaka wa kutengenezwa.