Dawa ya kikohozi pamoja na vidonge vya mafua

Umeuliza kama unaweza kunywa dawa ya maji ya kutuliza kikohozi huku unatumia vidonge vya mafua. Geuza chupa na pakiti kwanza, usome viambato. Ukikuta jina dextromethorphan, yaani kiambato cha kutuliza kikohozi, kote kuwili, chagua moja tu. Mtu mzima asizidishe miligramu 120 za kiambato hicho kwa saa 24. Parasetamoli nayo huwemo mara nyingi kwenye dawa za mafua, na hiyo ndiyo inayoumiza ini mtu akijumlisha bila kujua. Pima kwa kikombe kilichokuja na chupa, maana vijiko vya mezani havilingani.

Kama unatumia dawa za sonona, mfano fluoxetine, muulize mfamasia kabla hujaonja hata tone, tafadhali sana. Zikikutana na dextromethorphan zinaweza kuleta moyo kwenda mbio, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Halafu, kikohozi chako kinatoa makohozi? Basi usikizuie, acha yatoke. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe dawa hizi bila ushauri wa daktari. Kikohozi kikipita wiki 2, au ukiona damu, nenda ukapimwe kifua kikuu.