Wa mwaka wa kwanza, sio kila sumu inaenda kwenye laisosomu

Wadogo zangu wa baiolojia, nimetoka kusahihisha majibu ya seli na sentensi ni ile ile ya kila mwaka, "laisosomu husaga taka na sumu zote." Jamani hapana, laisosomu ni kifuko kidogo ndani ya seli chenye vimeng'enya vya kusaga, ila sumu nyingine zinashughulikiwa kwingine. Nawapenda, ila hili tulimalize leo.

1. Anzeni na pH, kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali. Ndani ya laisosomu ni kama 4.5 hadi 5, kwenye saitosoli, yaani majimaji ya seli yanayoizunguka, ni kama 7.2, na ile asidi haiji yenyewe, kuna pampu kwenye utando inasukuma protoni ndani kwa kutumia nishati ya ATP. Kwa hiyo mnaoandika kwamba laisosomu moja ikipasuka seli nzima inajimeza, hebu tulieni, vile vimeng'enya vikishatoka kwenye asidi nguvu inashuka sana. Zikipasuka nyingi kwa pamoja hapo sawa, seli iko hatarini. Na huu utando ndio uliomfikisha mwanasayansi Christian de Duve kwenye ugunduzi wa laisosomu, yeye alikuwa anahangaika na insulini na ini, akapima kimeng'enya kiitwacho fosfatesi ya asidi kwenye sampuli ya ini iliyotoka kusagwa akapata kidogo, sampuli ikakaa siku kadhaa kwenye friji akapima tena ikawa imepanda! Kimeng'enya kilikuwepo muda wote, kimefungiwa ndani ya utando. Jina laisosomu likatoka 1955. Nyie praktiko ikitoa namba ya ajabu mnaifuta mnakopi ya jirani, inaniuma kweli.

2. Peroksisomu, kifuko kingine cha seli, inaoksidisha, yaani inavunja vitu kwa kutumia oksijeni. Inazalisha haidrojeni peroksaidi, ambayo ni sumu, halafu kimeng'enya cha katalesi kinaigeuza maji na oksijeni.

3. Dawa nyingi zinashughulikiwa kwenye retikulamu endoplazimu laini (mtandao wa utando ndani ya seli) ya seli za ini, kazi ya vimeng'enya vya saitokromu P450. Na msidhani kubadilisha ni kusalimika, sehemu ya parasetamoli ikipita hapo inatoka ikiwa sumu zaidi, glutathioni, kinga ya seli yenyewe, ndio inaizima, ukizidisha dozi glutathioni inaisha na ini linaumia.

4. Magonjwa ya vifuko hivi msikariri majina, ulizeni kimeng'enya gani hakipo na kitu gani kinajaa. Tay-Sachs, ugonjwa wa laisosomu, kimeng'enya cha heksosaminidesi A hakifanyi kazi, mafuta ya GM2 yanajaa kwenye neva. Pompe, nao wa laisosomu, glaikojeni (wanga wa akiba) inajaa, misuli inalegea. Haya, na Zellweger je, ambapo peroksisomu hazijengeki vizuri? Angalieni asidi za mafuta zenye minyororo mirefu sana kwenye damu, na msiniandikie tena laisosomu.