Barua kwa mwanangu: hao askari wastaafu wa bunduki

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Meseji yako nimeisoma, ati komiti ya mtaa wenu hapo South B inataka kutoa hao walinzi wa rungu ilete kampuni ya polisi waliostaafu, wenye bunduki, na wewe kama mweka hazina unataka nikwambie kama mzee wa sitini bado anaweza kulenga. Anaweza. Macho yanachoka lakini mkono hausahau, yale ya Kiganjo, chuo cha polisi, hayatoki, hata leo niamshe saa nane usiku uniwekee bunduki ya G3 mezani nitaifungua na kuifunga gizani. Lakini bunduki ni watu walio nyuma yake. Hii nimewaambia tangu mko wadogo na bado nasema.

Wewe ule mwaka nililinda geti Kilimani baada ya kustaafu ulikuwa chuo, dada yako ndiye aliniona nikirudi asubuhi ile. Ilikuwa kama saa tisa, mvua imepungua, wakaingia vijana watatu, mmoja na bastola. Mimi nina rungu, tochi, na ile batani ya alamu kiunoni. Nikaifinya kabla hajamaliza kusema mzee lala chini, halafu nikalala, shavu kwa kabro. Nilikuwa naangalia kidole chake. Kilikuwa kinatetemeka, na mtu wa kidole kinachotetemeka ndiye wa kuogopa, huyo anafyatua hata akisikia paka. Wakaenda na gari ya mpangaji mmoja, gari la alamu likafika wameshapotelea Ngong Road. Hakuna mtu aliumizwa, hata mkwaruzo.

Asubuhi mwenye gari akaja, kijana wa rika lako, watoto wamesimama wanangoja basi la shule, wadada wa kazi wako kwa balkoni, akaniuliza, "Si tuliambiwa wewe ulikuwa afande?" Hivyo tu. Mimi sajini, nimevaa sare ya serikali tangu hajazaliwa. Kampuni nayo ikaanza kunikata mshahara, ati uzembe. Hizo pesa zilishaisha na maisha yakaendelea, lakini hilo swali mpaka leo nikilikumbuka chai hainishuki. Nilifanya kazi yangu sawasawa. Watu wote waliamka wazima, na huo ndio ulinzi.

Mama yako ananisomea begani anasema ungekuwa na bunduki wangekimbia. Labda. Labda pia ningemwangusha huyo wa bastola, na wale wawili? Na risasi ikipita ukuta wa nyumba ya chini wanapolala watoto? Ukiwa kituoni kabla utoke na silaha unasaini kitabu, risasi zinahesabiwa moja moja mezani, koplo anaandika, ukirudi zinahesabiwa tena na moja ikikosekana hakuna mtu anaenda nyumbani. Una redio, una mwenzako, OCS, mkuu wa kituo, anajua uko wapi, ukifyatua kuna OB, kile kitabu cha matukio, na kuna wa kukuuliza. Getini nilikuwa peke yangu na mbwa wa jirani.

Lakini wacha niseme ukweli, hapa huwa najibishana na roho yangu. Westgate, ile mall ya Nairobi iliyovamiwa na magaidi, 21 Septemba 2013, watu 67 walikufa, na kabla vikosi vikubwa vifike walioingia mle ndani kutoa watu walikuwa raia wenye bastola za leseni na polisi wachache wa nguo za kawaida. Wangengoja amri wangekufa wengi zaidi, hilo siwezi kulikataa. Halafu vikosi vilipofika, afisa wa GSU, kikosi maalum cha polisi, akauawa na risasi za upande wetu wenyewe, maana ndani hakukuwa na mtu wa kusema huyu ni nani na yule ni nani. Sasa niambie nimeshinda ama nimeshindwa, sijui, nikiwaza hivi nalala kumekucha.

Kwa hivyo kwa huo mkutano wa komiti uliza kwanza bunduki ni ya nani. Sheria ya 2016 iliweka kampuni za ulinzi chini ya mamlaka ya kuzisimamia, lakini silaha bado ni Sheria ya Silaha, Sura 114, na mlinzi wa kawaida hapa kwetu hana ruhusa ya kubeba, ndiyo unaona benki na magari ya pesa yana polisi wenye bunduki za serikali. Wakikwambia ni mstaafu kwa hivyo imeruhusiwa, wakutolee karatasi. Kustaafu si leseni, mimi bunduki yangu niliirudisha, nikasaini, nikatoka mikono mitupu. Uliza pia bunduki inalala wapi akishuka zamu saa kumi na mbili asubuhi kupanda matatu ya kwao. Na mtamlipa ngapi, maana ile shilingi 30,000 ya mwezi ambayo mamlaka ilisema ndiyo mshahara wa chini wa mlinzi ilikimbiziwa kortini, na mzee mwenye njaa ukimpa bunduki umemwekea mtihani.

Uliniuliza niseme ndio ama la. Jibu liko hapa kwa ulimi na mama yako ananikanyaga mguu, anasema komiti ni yenu, mzee wacha vijana waamue. Sawa, nimewacha. Lakini hao wa rungu mnaotaka kuwatoa, kuna mtu amewauliza usiku wanaona nini? Ongea nao kabla ya Jumamosi, wapelekee chai, halafu unipigie.

Babako