Swali la lugha: Herufi zinalainishwa, zinasawazishwa au zinapigwa msasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko vijana wanne tunaotafsiri kwa Kiswahili mipangilio ya eneo-kazi (desktop) la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, tumekwama kwenye ukurasa wa fonti. Kuna kisanduku ambacho ukikiwekea tiki, herufi zinaacha kuonekana kama zimetafunwa na panya. Mmoja wetu ameandika "Usawazishaji wa fonti", wa pili "Ulainishaji wa fonti", wa tatu anang'ang'ania "Kuzuia lakabu". Mimi nimependekeza tuseme zinapigwa msasa, wakanicheka. Chini ya kisanduku tumeandika kwamba ukikiwasha, programu zote zitakuwa na "uthabiti wa mwonekano". Tumepatia? Halafu ni fonti hizi au mafonti haya? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla hamjagombana zaidi, fanyeni nilivyofanya mimi jana usiku. Pigeni picha ya skrini kisanduku kikiwa hakina tiki, ikuzeni mara nane, mtazame herufi k. Ule mguu wake unaokwenda mshazari si mstari hata kidogo. Ni ngazi: kijiraba (mraba mdogo) cheusi, kingine chini yake hatua moja kulia, kingine tena, mpaka chini. Sasa wekeni tiki mpige picha nyingine. Ngazi bado ipo, ila kwenye kila pembe ya kidato pameketi vijiraba vya kijivu, kimoja kimekolea, kingine kimefifia. Ukiirudisha picha kwenye ukubwa wake, jicho linadanganyika na kuona mstari uliotulia.

Kwenye baadhi ya skrini mtaona kioja zaidi: upande wa kushoto wa herufi nyeusi una wekundu kidogo na wa kulia una ubuluu. Hilo si kosa. Kila pikseli, yaani kila kijiraba cha skrini, ina vipande vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, na kompyuta inaweza kutumia kila kipande peke yake ili ipate hatua ndogo zaidi. Ndiyo mbinu ambayo Microsoft waliitangaza mwaka 1998 kwa jina la ClearType, na ambayo Apple waliiacha kwenye mfumo wa kompyuta zao, macOS Mojave, mwaka 2018, skrini zao nyingi zikiwa tayari na pikseli ndogo mno kwa jicho kuzihesabu.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu neno lenu lazima lipimwe na kile kinachotokea pale kwenye mguu wa k.

Wewe wa msasa nitaanza nawe, maana wenzako wamekucheka bure. Wazee walisugulia mbao kwa majani ya mti wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na leo tunapiga msasa meza kwa karatasi, na mswada kwa kalamu. Taswira inavutia. Lakini msasa unapunguza, unaondoa kilichochomoza. Kwenye skrini hakuna kilichoondolewa, kimeongezwa cha kijivu. Kazi hii inafanana zaidi na ya mwashi anayejaza lipu kwenye pembe za matofali. Na sitaki mwandike "Piga lipu herufi", ingawa ningelipa nauli hadi Morogoro kuiona menyu hiyo.

"Kuzuia lakabu" ni ugonjwa wa kufasiri neno badala ya jambo. Istilahi ya wahandisi kwa Kiingereza, anti-aliasing, imejengwa juu ya neno lenye maana ya jina la bandia, kwa kuwa katika sayansi ya mawimbi, wimbi lililopimwa kwa vituo vichache mno hujitokeza kwa sura ya wimbi jingine, kama mtu anayejiita asivyoitwa. Kwao ina mantiki. Kwa Mswahili, lakabu ni jina la utani au la sifa ambalo mtu hupewa na watu. Atakayekutana na "Kuzuia lakabu" kwenye mipangilio atadhani kompyuta inakataa asijiite Bonge.

"Kusawazisha" lingefaa kwa maana yake ya asili, kwani fundi husawazisha sakafu ikawa haina mabonde. Tatizo ni kwamba nafasi imeshachukuliwa. Kwenye simu nyingi zenye menyu za Kiswahili, kusawazisha ni kule kuzifanya anwani na picha zilizo kwenye simu ziwe sawa na zilizohifadhiwa kwenye akaunti yako mtandaoni. Mtumiaji akiona "Usawazishaji wa fonti" atatafuta nywila yake. Katika kiolesura, yaani menyu na vitufe anavyoviona mtumiaji, neno moja lisibebeshwe kazi mbili, hata kama kamusi inaruhusu.

Limebaki "kulainisha", na ndilo ninalolichagua, japo lina kasoro zake. "Laini" tuliipata kwenye Kiarabu, na kwetu inafanya kazi ya mambo mawili: kisichokuwa kigumu na kisichokwaruza. Nyama inalainika kwa papai. Ubao unalainika kwa randa. Ninyi mnataka ule wa ubao. Hatari ni mtu kusikia ule wa nyama, akadhani herufi zitakuwa teketeke, na kweli wapo wanaokizima kisanduku hiki wakilalamika kwamba maandishi yana ukungu. Hawajakosea. Kingo zimefifia, ndiyo hila yenyewe. Lakini mpangilio huitwa kwa kile ambacho mtumiaji anakipata, na wengi wanachopata ni herufi isiyokwaruza macho. (Kuna pia "laini" ya simu, iliyotoka kwenye Kiingereza na haihusiani kabisa na hii. Kwenye eneo-kazi haitawasumbua. Kwenye simu yenye laini mbili, angalieni mnaiweka wapi.) Mtu wa ushairi angewashauri "-ororo", akawaandikia "herufi nyororo". Ni tamu, ila hiyo ni sifa ya shavu la mtoto.

Sasa ondoeni "fonti". Ukikitoa tiki kisanduku, faili la fonti halijaguswa hata nukta. Kinacholainishwa ni herufi pale inapochorwa kwenye skrini, na kwa usahihi zaidi ni kingo zake. Ukingo huu, kingo hizi. Sitaki kuona "makingo".

Halafu punguzeni nomino. "Ulainishaji wa kingo za herufi" ina nafasi thelathini ukihesabu na zilizo wazi, nayo itakatwa katikati kwenye dirisha dogo, ibaki "Ulainishaji wa kin...". "Lainisha herufi" ni kumi na tano. Kisanduku ni amri, kipeni kitenzi. Neno "kingo" liwekeni kwenye maelezo ya chini: "Hupunguza mikwaruzo kwenye kingo za herufi."

Hapo ndipo mwonekano wa kiolesura unapokutana na sarufi, na ndipo tafsiri nyingi zinapoharibika. Nimewahi kutumia programu ambayo kitufe kimoja kiliandikwa "Hifadhi", cha jirani "Kufuta", cha tatu "Uchapishaji". Vitufe vina ukubwa mmoja na rangi moja, lakini jicho linajikwaa. Kuweni wakali zaidi kwenye orodha za machaguo. Nadhani chini ya kisanduku chenu mna kiasi cha kuchagua: hakuna, kidogo, wastani, kamili. "Kidogo" mmeifuatisha na nini? Ulainishaji ni mdogo, rangi ni ndogo, kivuli ni kidogo. Orodha hiyohiyo ikitumika mahali pengine upatanisho unavunjika. Tumieni vivumishi visivyobadilika: hafifu, wastani, kamili. Ulainishaji hafifu, rangi hafifu, kivuli hafifu; havidai kiambishi chochote. Na mahali pa "hakuna" wekeni "bila".

Hapo karibu mtakuta pia mpangilio wa kuisogeza michoro ya herufi ili miguu yake iangukie sawasawa kwenye mistari ya pikseli. Kwa Kiingereza ni hinting, lakini msiuite "vidokezo", vitachanganywa na yale maelezo yanayochomoza ukiweka kipanya juu ya kitu. Ningeandika "Kalisha herufi kwenye pikseli". Fundi cherehani husema shati limekaa, seremala husema mlango umekaa, na herufi nayo hukaa au haikai.

"Uthabiti wa mwonekano" nimeukataa. Thabiti ni asiyeyumba: imani thabiti, ushahidi thabiti, ukuta thabiti. Shida yenu si kuyumba. Shida ni kwamba kwenye Linux programu mbili zinaweza kuchora maandishi kwa maktaba tofauti (mikusanyo ya msimbo wa kuchorea madirisha), moja kwa GTK na nyingine kwa Qt, na mipangilio isipozifikia zote mbili, dirisha la kushoto lina herufi nyembamba na la kulia lina herufi nene, fonti ikiwa ileile. Vitu viwili vikiwekwa kando kwa kando vikafanana, vinalingana. Mkilazimika kutumia nomino, basi ni "ulinganifu wa mwonekano". "Uwiano" nao unakaribia, lakini mimi nauachia vipimo: uwiano wa upana na kimo. Kuna mama mmoja mchapaji niliyemsikia akisema anataka kurasa zake "ziwe sare", kama akina mama harusini, na nikaona amewapiga bao wataalamu wote.

Hata hivyo kwenye maelezo yenu hamhitaji nomino yoyote. Andikeni: "Herufi zitaonekana sawa katika programu zote." Mtu wa Kilosa na mtu wa Lamu wataelewa bila kuulizana.

Kuhusu fonti: fonti hii, fonti hizi, kama ilivyo kwa herufi na pikseli. "Mafonti" nayasikia kwa vijana wa stesheneri, na sitawafukuza. Kinachowachanganya ni faili, ambalo wengi wetu tunalipeleka kwenye faili hili, mafaili haya, na ukurasa wenu una vyote viwili. Kwa hiyo itakuwa "Fonti zote" na, mstari unaofuata, "Mafaili yote".