Mwembe wa mama na kilimo nisichokisomea

Ndugu mhariri, wiki hii mmetuuliza ni njia gani ya maisha tuliyoiacha, na ni kitu gani hutufanya tuiwaze tena. Najua wengi watawaandikia kwamba hawajutii chochote, Mungu ndiye aliyepanga. Mimi watu wasiojutia chochote siwaamini sana. Njia yangu ilikuwa kilimo, na kinachonikumbusha ni maembe ya lupango letu, yaani uwanja wa nyumbani, hapa Katuba, Lubumbashi.

Ni maembe mabaya, niseme ukweli. Nyuzi tupu, zinakwama kwenye meno hadi jioni, na ukikaribia kokwa unakutana na harufu kama ya mafuta ya taa. Watoto wa jirani wamekwisha kuyajua, hawangoji yaive. Yakiwa bado magumu wanayakata vipande, wanatia chumvi na pilipili, na hapo kweli yana utamu wake. Ikifika Desemba, mji mzima umejaa maembe na beseni zima halina bei, haya yetu yanabaki chini kwa ajili ya inzi. Marehemu mama ndiye aliyeupanda mwembe huo, kwa kokwa ya embe tamu aliyoinunua sokoni. Akaumwagilia, akaufukuzia mbuzi, akangoja miaka. Ulipozaa akaonja, akatema, akasema mti umemdanganya.

Nilimaliza sekondari mwaka 1990, na nia yangu ilikuwa kuingia chuo kikuu nisomee kilimo. Mwezi Mei mwaka huohuo, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa na wanafunzi wakauawa; idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Baba alizisikia habari hizo kazini. Alirudi nyumbani, akaketi mbele ya bukari yake, yaani ugali, bila kuigusa, kisha akaniambia, "Wewe, pale hauendi." Wakati ule, baba akisema hivyo, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Muda si mrefu nikawa kwenye karakana ya baba mdogo, najifunza kufunga mota upya.

Simlaumu. Nami sasa nina watoto, na wakichelewa kurudi usiku nasimama getini kama mlinzi.

Na kazi yenyewe ni nzuri. Mota ikiungua unaifungua, unahesabu mizunguko ya waya wa zamani kabla ya kuutoa, maana ukipoteza hesabu hiyo umepoteza mota. Halafu unasafisha mifereji, unaweka karatasi ya kuzuia umeme, unaingiza waya mpya wa shaba, unafunga, unapaka vanishi, unaacha ikauke. Katika mji ambao umeme unakwenda na kurudi unavyotaka, fundi wa mota halali njaa. Kwa hiyo msinihurumie. Rafiki zangu nao hupenda kuniambia kwamba fulani alisomea kilimo na leo anauza vocha za simu. Wanadhani wananifariji. Kwani nilitaka kilimo kwa ajili ya mshahara?

Miaka michache iliyopita mtaalamu mmoja wa kilimo aliniletea mota ya pampu ya kumwagilia, kutoka shamba la upande wa Kipushi. Akingoja vanishi ikauke akazunguka nyuma ya nyumba, akaokota embe, akaomba kisu. Aliikata nyama, akaipasua kokwa taratibu ukingoni, akanionyesha mbegu iliyo ndani: nzima, moja. "Papa fundi, mti huu haukumdanganya mtu," akasema. Akanieleza kwamba kuna maembe, hasa yale ya asili ya India, ambayo kokwa yake hutoa mche mmoja tu, na mche huo ni mtoto wa miti miwili: mama, na baba ambaye chavua yake ililetwa na inzi kutoka lupango la nani sijui. Atakavyokuwa, hakuna ajuaye. Kuna mengine, mengi yakiwa ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo kokwa moja huotesha miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo humfuata mama yake sawasawa. Mama yangu alipanda ya aina ya kwanza. Anayetaka embe ileile tamu asipande kokwa, apandikize kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti anaoujua.

Nilimuuliza pia mbona mwaka mmoja mwembe unazaa mpaka matawi yanainama, na mwaka unaofuata unatoa machache tu. Akasema mti uliozaa sana unakuwa umetumia akiba yake, unapumzika. Na baridi ya Juni na Julai, hii tunayoilalamikia sote, ndiyo inayouamsha utoe maua.

Alipoondoka nilikuwa na wivu, sifichi. Pesa tulikuwa karibu sawa, na viatu vyake vilikuwa vimechakaa kuliko vyangu. Nilichomwonea wivu ni kwamba aliuangalia ule mti kwa dakika chache akaona kazi. Mimi nimekaa chini yake tangu utotoni, nikila, nikifagia majani, nikimsikiliza mama akiutukana, na haikunijia hata siku moja kupasua kokwa. Watu wakizungumzia njia waliyoiacha hutaja nyumba, gari, cheo. Mimi naona nilipoteza maswali. Ya mota ninayo, tena mengi. Usiku naamka na swali la mota. Ya mti sikuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyenifundisha kuuliza.

Sasa nataka kupandikiza. Mtaalamu yule ameniahidi vikonyo vya embe tamu joto likianza kurudi, Septemba hivi, na amenifundisha jinsi ya kukata mshazari, kubana na kufunga kwa plastiki. Kufunga ni kazi yangu, hapo sina wasiwasi. Tatizo ni mama watoto. Ili yatoke machipukizi mapya ya kupandikizia ni lazima tawi kubwa likatwe, na yeye mbabula yake, jiko la makaa, iko chini ya kivuli hichohicho. Tumebishana wiki nzima. Ameniachia tawi moja tu, lile la upande wa choo, na amesema embe zake nitakula mwenyewe.